Umekosea, Sasa Ufanyeje? Mwongozo wa Kubeba Kosa Lako Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila siku. "Nimeharibu kitu kazini, nimwambie bosi au nisubiri agundue?" "Nimemkosea rafiki yangu lakini na yeye alinianza, nani aombe radhi kwanza?" "Nilishaomba msamaha, mbona bado amenuna?" Hakuna hata mmoja anayeuliza kama kuwajibika ni jambo jema, maana hilo tumefundishwa tangu tukiwa wadogo. Kinachowashinda watu ni namna ya kulifanya: uanzie wapi, useme nini, uishie wapi. Kwa hiyo hapa hakuna mahubiri. Ni mwongozo wa kazi.

Msimamo wangu ni mmoja: kubeba kosa si kujisikia vibaya, ni kazi yenye mpangilio wake. Wapo watu wanaolia wiki nzima na hawajarekebisha chochote. Wapo wengine wakavu wa uso kabisa, lakini kabla jua halijazama aliyeumia ameshajua kimetokea nini na kinafanyika nini. Mimi nikikosewa, nipe huyo wa pili.

Ili tusiongee hewani, tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Uliahidi kumtumia mwenzako kazini takwimu za mwezi siku ya Jumatano. Hukutuma. Ijumaa asubuhi akasimama mbele ya kikao na kusoma takwimu za mwezi uliopita akidhani ndizo mpya. Mkuu akamkatiza: "Hizi umezitoa wapi?" Mwenzako akapekua karatasi zake, akageuka kukutazama. Wewe ukainamia simu.

Hapo kuna makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Usitumie simu, kwa sababu kwenye simu utaishia kuandika ujumbe na kuutuma kabla hujafikiri.
- Nusu saa ya kukaa peke yako.
- Kumbukumbu za tukio: jumbe mlizoandikiana, barua pepe, tarehe. Kichwa chako kimeshaanza kukutetea, usikitegemee.
- Mtu mmoja anayeweza kukwambia "hapo unajitetea" bila kukuonea haya. Asiwe yule anayekupamba kila ukikosea.
- Hesabu ya kweli ya uwezo wako: una muda kiasi gani, una fedha kiasi gani, unaweza kurudisha nini.

Ujasiri sikuuweka kwenye orodha. Ukiusubiri uje kwanza utasubiri sana. Hatua ya kwanza na ya pili hazihitaji ujasiri wowote, na ukishazimaliza ya tano inakuwa nyepesi.

Maonyo mawili kabla hatujaendelea.

La kwanza: kama mtu anakupiga, anakutisha au anakunyanyasa kisha anadai "wewe ndiye umenifanya nifanye hivi", mwongozo huu haukuhusu. Kitendo chake ni chake. Wewe tafuta usalama kwanza, na mtu wa kukusaidia.

La pili: kama kuna jambo la kisheria, tenganisha wajibu na kukiri dhima, yaani kukubali kwamba kisheria wewe ndiye wa kulipa. Kwenye ajali ya barabarani, kazi yako ni kusimama, kusaidia majeruhi, kuita msaada na kutoa taarifa. Nani alipe ni suala la polisi, bima na mahakama, na mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukubali dhima kabla kampuni haijaarifiwa. Zungumza na mwanasheria kabla ya kuandika au kusaini chochote. Sheria zinatofautiana: jimbo la British Columbia nchini Kanada, kwa mfano, lina sheria ya mwaka 2006 inayosema kuomba radhi si kukiri dhima. Usidhani unapoishi ni hivyohivyo.

## Hatua ya 1: Zuia madhara yasiendelee

Kabla ya maelezo, kabla ya radhi, simamisha kinachoendelea kuharibika. Bomba likipasuka mtu hufunga maji kwanza, mafundi na lawama baadaye. Katika mfano wetu, takwimu sahihi zinatumwa saa hiyohiyo, kwa mwenzako na kwa mkuu, hata kama bado hujajua utasema nini kuhusu kuchelewa kwako.

Hatua hii haisubiri ijulikane nani mkosaji. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, vilivyotiwa sumu ya sayanaidi. Sumu haikutiwa kiwandani. Kuna mtu aliyevichezea vidonge hivyo vilipokuwa vimeshafika madukani. Kampuni ya Johnson & Johnson yenye dawa hiyo ingeweza kusema "si sisi" na ingekuwa inasema kweli. Badala yake ilitoa tahadhari kwa umma, ikaondoa sokoni takriban chupa milioni 31 nchi nzima, kisha ikairudisha dawa ikiwa na vifungashio vinavyoonyesha kama vimeshafunguliwa. Lawama ilikuwa ya mwingine, lakini kazi ya kuzuia kifo cha nane ilikuwa mikononi mwao.

Kosa la kawaida: kuanza kufuta ushahidi ukidhani unazuia madhara. Kufuta ujumbe, kubadilisha tarehe ya faili, kumwomba mtu "usiseme kwanza". Hapo hujazuia kitu, umeanza kosa jipya, na hili halina kisingizio cha kusahau.

## Hatua ya 2: Andika kilichotokea, mtenda akiwa wewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo sababu radhi nyingi zinatoka nusunusu. Kaa na karatasi yako. Andika mistari mitano hadi kumi: nini kilitokea, lini, mbele ya nani. Andika kana kwamba unamsimulia mtu asiyemjua yeyote kati yenu.

Rasimu ya kwanza ya watu wengi huwa hivi:

"Takwimu zilichelewa kwa sababu wiki ilikuwa na mambo mengi, na kukatokea kutoelewana kidogo kuhusu siku ya kuzituma."

Isome tena. Hamna mtu humo ndani. Takwimu zimejichelewesha zenyewe, wiki imejijaza yenyewe, kutoelewana kumetokea tu. Sasa rasimu ya pili:

"Nilisema nitatuma Jumatano. Jumatano mchana nilikumbuka, nikaahirisha hadi jioni. Jioni sikutuma. Alhamisi sikulifungua faili kabisa. Ijumaa nilimwona anasoma takwimu za zamani, nikajua kosa ni langu, nikanyamaza."

Hii inauma kuisoma. Lakini ona inavyofaa: kila sentensi ina kitu unachoweza kukiombea radhi au kukirekebisha. Ile ya kwanza haina hata kimoja.

Ukishaandika, pitia mara moja ukiwa na kalamu ya rangi nyingine na ufanye mambo matatu.

Kwanza, zungushia duara kila kitenzi kisichokuwa na mtu: imepotea, ilisahaulika, kulitokea, yakaharibika. Kila ukiona duara, jiulize nani alifanya. Kama ni wewe, andika upya kwa "ni-".

Pili, futa kila "kwa sababu". Sababu zipo na baadhi ni za kweli. Zitapata nafasi yake hatua ya tatu. Hapa zinakuziba macho tu.

Tatu, futa matusi unayojitukana. "Mimi ni mzembe", "mimi huwa sifai". Yanaonekana kama unyenyekevu, lakini yanakwepesha. Uzembe wako kwa ujumla hauwezi kurekebishwa kufikia Jumatatu. Kutotuma faili kunaweza. Watafiti wa saikolojia kama June Tangney wameonyesha tofauti hiyo: anayejiona yeye mzima ni mbaya huelekea kujificha au kumgeuzia mwingine lawama, ilhali anayesumbuliwa na kitendo alichofanya huelekea kurekebisha. Kwa hiyo baki kwenye kitendo.

Kisha mpe yule mtu wako asiyekuonea haya asome. Akisema "hapa umeruka kitu", ameshakisaidia kichwa chako kuliko ulivyotaka.

## Hatua ya 3: Tenga lililo lako

Chora safu tatu: yangu, ya wengine, ya hali. Sababu ulizozifuta sasa zirudi, kila moja kwenye safu yake. Mtandao ulikatika Alhamisi? Hiyo ni ya hali. Mwenzako hakuangalia tarehe kwenye faili kabla ya kusimama? Hiyo ni yake. Kuahidi, kuahirisha, kunyamaza: zako.

Usigawe kwa asilimia. Najua inavutia kusema "mimi asilimia 30, yeye 70", lakini hesabu hiyo haijawahi kukaa sawa. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, amechangia kiasi gani katika shughuli mbalimbali za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi yalizidi asilimia 100. Si lazima awepo mwongo. Kila mtu anakumbuka vizuri zaidi yale aliyoyafanya mwenyewe. Gawa kwa vitendo, basi. Kitendo kina mwenyewe, asilimia hazina.

Ukimaliza, kata karatasi. Safu ya "yangu" ndiyo utakayoenda nayo kwa aliyeumia. Safu nyingine mbili zibaki mezani. Hazijafutwa, zitatumika hatua ya saba na pengine kwenye mazungumzo mengine siku nyingine. Ila hazisafiri pamoja na radhi.

Kosa la kawaida: kubeba ya wote ili yaishe. Mtu anasema "haya, yote ni mimi, basi tuache". Hiyo si kuwajibika, ni kuchoka. Na aliyeumia anaijua sauti hiyo.

## Hatua ya 4: Orodhesha walioumia

Fupi lakini usiiruke. Andika jina la kila aliyeguswa na mbele yake alichopoteza: muda, fedha, heshima, usingizi, imani kwako. Mwenzako kapoteza heshima mbele ya kikao. Mkuu kapoteza muda, pengine kafanya uamuzi kwa takwimu za zamani. Waliokuwa kikaoni wameondoka na picha mbaya ya mtu asiyestahili.

Huyo wa mwisho ndiye husahaulika. Ukimwomba radhi mwenzako faraghani, wale wengine bado wanaamini yeye ndiye aliyeboronga.

## Hatua ya 5: Mwambie aliyeumia

Anza na aliyeumia zaidi, si aliye na cheo zaidi. Watu wengi hukimbilia kwa mkuu, maana mkuu ndiye wanayemwogopa. Mwenzako akija kusikia kwamba ulishajieleza juu kabla ya kwake, atajua ulikuwa unajiokoa.

Mwambie mapema. Siku hiyohiyo ikiwezekana, kabla hajagundua mwenyewe. Ukweli ukitoka kwako ni taarifa; ukitoka kwa mwingine ni kufumaniwa, hata kama maneno ni yaleyale.

Mwambie kwa njia inayolingana na uzito. Kuchelewa dakika kumi, ujumbe unatosha. Kumwumbua mtu mbele za watu, nenda ukakae naye. Ukiwa mbali, piga simu. Na muulize kwanza kama ana nafasi: "Dada, nina jambo la kukuambia kuhusu kikao cha leo, ni kosa langu. Una dakika tano sasa, au nirudi baadaye?" Sentensi hiyo inamwondolea wasiwasi wa kuitwa bila kujua anaitiwa nini.

Maneno yenyewe yana sehemu nne, na mpangilio una maana:

1. Kitendo: "Niliahidi takwimu Jumatano na sikutuma."
2. Madhara: "Ukasimama na takwimu za zamani, ukaulizwa mbele ya watu wote."
3. Kosa la juu ya kosa, kama lipo: "Nilijua pale pale kwamba ni kwa sababu yangu, na nikanyamaza. Nisamehe kwa hilo zaidi ya yote."
4. Kazi: "Nimeshatuma sahihi. Jioni hii nawaandikia wote waliokuwa kikaoni waelewe kosa ni langu, lakini nataka uisome kwanza kabla sijaituma. Kuna kingine unachotaka kiwekwe sawa?"

Kisha funga mdomo. Subiri. Ukimya utakaofuata ni wake, si wa kujazwa na wewe.

Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha utafiti uliopima vipengele sita vya kuomba radhi: kuonyesha majuto, kueleza ilikuwaje, kukubali kuhusika, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Kilichokuwa na uzito mkubwa ni kukubali kuhusika, kikifuatiwa na kujitolea kurekebisha. Kuomba kusamehewa kulishika mkia. Ndiyo maana kwenye maneno ya juu neno "nisamehe" limetajwa mara moja tu, na limefungwa kwenye kitendo. Wengi hufanya kinyume: nisamehe kumi, kazi sifuri.

Sasa maneno ya kuacha kabisa:

- "Kama nimekukosea, samahani." Hakuna "kama". Umemkosea au hujamkosea. Kama hujui, uliza kwanza, radhi baadaye.
- "Samahani umejisikia vibaya." Hapo unaombea radhi hisia zake, siyo kitendo chako.
- "Samahani, lakini..." Kila kilichotangulia hiyo "lakini" kimefutika.
- "Binadamu hukosea." Ni kweli, ila huo ni msemo wa aliyekosewa kumfariji mkosaji. Ukiusema wewe unajifariji mwenyewe mbele ya uliyemwumiza.
- "Shetani alinipitia." Imani yako uiheshimu, lakini mtenda ameshatoweka tena. Rudi hatua ya pili.

Kosa la kawaida: kulia hadi aliyeumia aanze kukubembeleza. Machozi yakija hayazuiliki, hilo naelewa. Ila ukiona mmebadilishana nafasi, yeye ndiye anakupa maji na kukwambia usijali, simama, mwambie utarudi ukiwa umetulia.

## Hatua ya 6: Lipa

Kitu kilichoharibika kirudishwe au kilipwe. Muda uliopotea, toa muda wako. Heshima iliyoshushwa mbele za watu hurudishwa mbele za watu walewale, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kulipa fedha ni rahisi kuliko kusimama. Barua kwa waliokuwa kikaoni haihitaji urefu:

"Takwimu zilizosomwa asubuhi hazikuwa za mwezi huu kwa sababu sikumpatia mwenzangu zile mpya kwa wakati niliomwahidi. Kosa ni langu. Takwimu sahihi zimeambatanishwa hapa."

Sentensi tatu. Usiongeze ya nne inayoeleza wiki yako ilivyokuwa.

Usijipangie fidia mwenyewe bila kuuliza. Kuna mtu aliyevunjiwa kitu cha marehemu mama yake akaletewa kipya cha bei ghali zaidi, na aliyeleta akashangaa hakushukuriwa. Uliza anataka nini. Akisema "sitaki kitu", muulize tena siku nyingine mara moja, kisha heshimu jibu lake.

Na usiahidi usichoweza. Kama deni ni kubwa, toa kiwango kidogo chenye tarehe. Kidogo kinachofika kwa tarehe yake hujenga kuliko kikubwa kinachoahirishwa, maana kuahirisha ndiko kulikokuleta hapa.

## Hatua ya 7: Badili kitu kimoja kinachoonekana

"Nitajitahidi" si mpango. Rudi kwenye rasimu yako ya pili, tafuta mahali ambapo mambo yangeweza kugeuka. Katika mfano wetu ni Jumatano mchana: ulikumbuka, ukaahirisha. Basi kanuni yako mpya iwe ya pale pale: "Nikikumbuka kitu nilichoahidi na siwezi kukifanya muda huo, namwandikia niliyemwahidi papo hapo kwamba kitachelewa hadi saa fulani." Kanuni ya aina ya "likitokea hili, nafanya lile" hushikika kuliko azimio la jumla kwa sababu haikuachi ukijadiliana na nafsi yako.

Safu ya "hali" nayo ina kazi hapa. Kama mtandao hukatika mara kwa mara, tuma siku moja kabla. Hata wataalamu wakubwa hawategemei kumbukumbu: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi ya upasuaji yenye vipengele 19, na miongoni mwake ni kuthibitisha jina la mgonjwa na sehemu inayopasuliwa. Daktari bingwa anaulizwa jina la mgonjwa. Wewe huna haja ya kuona haya kuweka kengele ya kukumbusha.

Kitu kimoja tu, lakini. Anayeandika maazimio saba huacha yote kabla ya mwezi kwisha.

## Ukikwama

Hataki kunisikiliza. Usimfuate kila kona wala kutuma watu wazima wakambembeleze siku ya kwanza. Mwandikie mara moja, kwa sehemu zile nne, umalizie kwa "huna haja ya kujibu". Endelea na hatua ya 6 na 7, kwa sababu hazihitaji ruhusa yake. Radhi yako haimpi wajibu wa kukusamehe, na usimwekee saa.

Na yeye alinikosea. Inawezekana kabisa. Maliza lako kwanza, likae siku kadhaa, kisha omba mazungumzo mengine kuhusu lile lake. Ukiyaunganisha, yatageuka mnada: wewe unapunguza lako kadiri yeye anavyopunguza lake.

Nikisema nitafukuzwa kazi. Hilo linaweza kutokea, na sitakudanganya. Pima mambo mawili: uwezekano wa kugundulika, na nini kitaongezeka ukigundulika baada ya kunyamaza. Kwa kawaida adhabu ya kuficha hupanda juu ya adhabu ya kosa. Sehemu zingine zimejengwa makusudi ili mtu aseme mapema: tangu mwaka 1976 shirika la NASA limeendesha mfumo wa kupokea taarifa za usalama wa anga nchini Marekani, na rubani anayeripoti kosa lake lisilo la makusudi wala la jinai ndani ya siku 10 anaweza kuepushiwa adhabu. Kazini kwako pengine hakuna mfumo kama huo, kwa hiyo nenda na suluhisho mkononi: kosa, madhara, ulichokwisha kufanya, unachohitaji kwa mkuu. Kama kosa linagusa fedha au sheria, pata ushauri kwanza, lakini usiutumie ushauri kama kichaka.

Sikufanya mimi, amefanya ninayemsimamia. Unawajibika kwa usimamizi wako, hata kama mkono si wako. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani Tanzania katika miaka ya 1970 kufuatia vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa hakuwapiga yeye. Mwaka 1985 akawa rais. Si lazima ujiuzulu kwa kila jambo, lakini useme wazi kipi ulipaswa kukiona na hukukiona. Na usimtaje wa chini yako kwa jina mbele ya watu ili wewe upumue.

Tulikosea kikundi kizima. Hapa ndipo kosa hukosa mwenyewe. Katika jaribio la John Darley na Bibb Latané la mwaka 1968, washiriki walisikia mtu akipatwa na kifafa kupitia kipaza sauti. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 waliondoka kwenda kutoa taarifa kabla hajanyamaza. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Kwa hiyo usisubiri kikundi kiamue. Sema lako: "Sijui wenzangu, ila mimi nilikuwepo na sikupinga." Mara nyingi wa pili hufuata.

Ni jambo la miaka mingi. Jiulize kama kumfuata leo kutamsaidia yeye au kutakupunguzia wewe mzigo. Kama anadai kitu kinacholipika, mlipe hata kama ni miaka kumi. Kama ameshajenga maisha yake na kuonekana kwako kutamfukulia kidonda, usimfuate. Fanya hatua ya 7 na umalizie hapo. Kama amefariki, deni la fedha lina warithi.

Najilaumu kwa kila kitu, hata mvua ikinyesha. Rudi hatua ya 3 na uwe mkali na safu ya "ya wengine" kama wengine wanavyopaswa kuwa wakali na safu ya "yangu". Kama safu yako inajaa vitu ambavyo hukuvifanya wala hukuwa na uwezo wa kuvizuia, na hali hiyo inakunyima usingizi au hamu ya kula, mwone mshauri nasaha au daktari.

Nimelirudia lilelile. Usirudie radhi ileile, haina thamani tena. Anza moja kwa moja kwa kusema kanuni uliyoweka hatua ya 7 imeshindwa wapi: "Nilisema nitakuwa naandika nikichelewa. Safari hii sikuandika." Halafu badilisha kanuni, usiongeze kiapo. Kama inategemea kumbukumbu yako, iondoe huko: mwombe mtu mwingine awe anakuuliza, au punguza ahadi unazotoa. Ukiona ni mara ya tatu, jibu sahihi linaweza kuwa kukataa kazi hiyo tangu mwanzo na kumwambia mwenzako amtafute mwingine wa kumtumia takwimu.